Haki za Kisheria za Wakimbizi na Waomba Hifadhi wenye Ulemavu: Wajibu Wetu Katika Kata

Haya ni maelezo yaliyotolewa na Afisa Ustawi wa Jamii katika mkutano wa hadhara wa wakazi wa kata. Jarida linayachapisha kwa ukamilifu kwa faida ya wananchi ambao hawakuweza kuhudhuria.



Nimeombwa nizungumze juu ya ulinzi ambao sheria inawapa wakimbizi na waomba hifadhi wenye ulemavu. Huenda wako miongoni mwetu wanaojiuliza jambo hili linatuhusu nini sisi wakazi wa kata, wakati wakimbizi wako kambini na wana maofisa wao. Jibu ni kwamba mkoa wetu wa Kigoma uko mpakani. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya watu waliokimbia vita vya Kongo. Kuanzia mwaka 2015 waliingia Warundi kwa maelfu, na kambi ya Nduta wilayani Kibondo ikafunguliwa upya ili kuwapokea. Kabla mkimbizi hajafika kambini, hupita kwanza katika vijiji. Mtu wa kwanza kumwona si hakimu wala ofisa wa Umoja wa Mataifa. Ni mkulima aliye shambani, mama anayeteka maji, au kijana anayeendesha bodaboda. Namna tunavyompokea katika saa zile za mwanzo yaweza kuamua kama haki yake itapatikana au itapotea.

Tunamzungumzia nani

Naomba tuanze kwa kuelewana juu ya maneno. Mkimbizi, kwa mujibu wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1951, ni mtu aliye nje ya nchi yake kwa sababu ya hofu ya kweli ya kuteswa kwa ajili ya rangi au asili yake, dini yake, utaifa wake, kuwa kwake katika kundi fulani la jamii, au maoni yake ya kisiasa. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 uliongeza watu wanaokimbia vita, uvamizi, na machafuko makubwa yanayovuruga amani ya nchi. Sheria yetu ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inazitambua tafsiri zote mbili. Mwomba hifadhi ni yule ambaye ameomba kutambuliwa kuwa mkimbizi na bado anasubiri jibu la Serikali. Huyu wa pili ndiye aliye katika hatari zaidi ya kupoteza haki, kwa kuwa kila kitu kwake kinategemea kusikilizwa.

Mtu mwenye ulemavu ni nani? Zamani tulizoea kumtazama mtu kwa kiungo alichokosa. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatazama mambo mawili kwa pamoja: hali ya mwili, akili au hisi za mtu, na vikwazo anavyokutana navyo katika jamii, iwe ni mtazamo wa watu, mazingira au taratibu za ofisi. Kwa tafsiri hiyo, kiziwi hazuiwi kueleza shida yake na masikio yake peke yake. Huzuiwa pia na ofisi isiyo na mkalimani wa lugha ya alama. Asiyeweza kutembea huzuiwa pia na ngazi zilizojengwa mlangoni pa ofisi hiyo. Ukiondoa kikwazo, mtu yule yule anaweza kusimamia mambo yake.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani ana ulemavu ulio mkubwa kiasi cha kumletea ugumu wa maisha. Miongoni mwa waliokimbia vita hatuna sababu ya kudhani kuwa idadi ni ndogo. Risasi na mabomu yaliyotegwa huacha majeraha, magonjwa yasiyotibiwa huacha madhara ya kudumu, na mateso yaliyoonekana kwa macho huumiza akili. Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Mtu huweza kuondoka kwao mzima, akafika mpakani akiwa amepoteza mguu.

Sheria zinasema nini

Mkataba wa mwaka 1951 uliandikwa wakati ambapo dunia haikuwa ikiufikiria ulemavu kama suala la haki. Mkataba huo unautaja ulemavu mahali pamoja tu, katika ibara ya 24 inayohusu hifadhi ya jamii, pamoja na uzee, uzazi na ugonjwa. Hata hivyo, mkataba huo unaweka misingi inayomlinda kila mkimbizi. Ibara ya 16 inampa njia ya kwenda mahakamani. Ibara ya 27 inataka apewe hati ya utambulisho. Ibara ya 33 inakataza kumrudisha mahali ambapo maisha yake au uhuru wake vitakuwa hatarini.

Pengo lililobaki lilizibwa na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge letu likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Katika mkataba huo naomba tushike mambo manne.

La kwanza ni ibara ya 11. Inazitaka nchi kuchukua kila hatua inayohitajika ili watu wenye ulemavu wawe salama wakati wa vita, maafa na dharura za kibinadamu. Ibara hii haichagui raia na mgeni.

La pili ni ibara ya 18. Inasema kwamba mtu asinyimwe hati za utambulisho, wala asizuiwe kutumia taratibu za uhamiaji, kwa sababu ya ulemavu wake. Kwa maneno mengine, maombi ya hifadhi yasikwame kwa kuwa mwombaji haoni fomu au hasikii swali.

La tatu ni wajibu wa kufanya marekebisho ya kufaa, ulio katika ibara ya 5. Maana yake ni kubadili utaratibu kwa kiasi kinachomwezesha mtu mwenye ulemavu kuutumia sawa na wengine, mradi mabadiliko hayo yasiwe mzigo usiobebeka. Kuhamishia mahojiano chumba cha chini badala ya ghorofani ni marekebisho ya aina hiyo. Kumsomea fomu asiyeona na kumwongezea muda mwenye kigugumizi kizito ni marekebisho vilevile. Kukataa kuyafanya bila sababu kunahesabiwa kuwa ubaguzi.

La nne ni ibara ya 12, inayosema kwamba mtu mwenye ulemavu ni mtu kamili mbele ya sheria, na uamuzi juu ya maisha yake ni wake. Anaweza kuhitaji msaada ili aamue, lakini msaada hauchukui nafasi ya utashi wake.

Katika bara letu, Umoja wa Afrika ulipitisha mwaka 2018 Itifaki ya Haki za Watu wenye Ulemavu Barani Afrika, nayo ilianza kutumika mwaka 2024. Na ndani ya nchi, Katiba yetu inatamka kuwa binadamu wote huzaliwa huru na sawa, na kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Ibara hizo za 12 na 13 zinamzungumzia mtu, ilhali ibara nyingine, kama ile ya uhuru wa kwenda utakako, zinamzungumzia raia. Tofauti hiyo iliwekwa kwa makusudi, nasi tunapaswa kuiheshimu pande zote mbili.

Kwa watoto, sheria iko wazi zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumbagua mtoto kwa sababu nyingi, na katika orodha hiyo ulemavu na ukimbizi vimetajwa katika kifungu kimoja. Kwa hiyo mtoto mkimbizi mwenye ulemavu analindwa mara mbili.

Siku saba za kwanza

Sasa nije kwenye jambo linalogusa kata moja kwa moja. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka anayetafuta hifadhi ajitokeze ndani ya siku saba tangu alipoingia nchini, mbele ya ofisa aliyeidhinishwa, au Afisa Mtendaji wa Kijiji, au mlinzi wa amani. Mnaona basi kwamba Mtendaji wetu wa Kijiji amepewa nafasi katika mlango wa hifadhi.

Tuchukue mfano. Mama kiziwi amevuka mpaka usiku pamoja na jirani zake, wakatawanyika. Amefika kijijini peke yake. Hajui kuandika. Watu wanamuuliza kwa Kiswahili, kwa Kiha, kwa Kirundi, naye hajibu. Wengine wanasema ana kichaa, wengine wanasema ni mpelelezi. Siku saba zinapita akilala katika banda la mtu. Siku ya nane anakamatwa, naye hana namna ya kueleza kwa nini hakujitokeza. Kwa mtu anayesikia, siku saba zinatosha. Kwa mama huyu hazitoshi, isipokuwa mtu amshike mkono ampeleke kwa Mtendaji.

Mkataba wa mwaka 1951, katika ibara ya 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila kibali, iwapo ametoka moja kwa moja mahali penye hatari, akajitokeza bila kuchelewa na akatoa sababu ya msingi. Kushindwa kusikia, kushindwa kutembea, au kuchanganyikiwa kwa sababu ya mateso ni mambo ambayo ofisa anapaswa kuyapima kabla ya kusema kwamba mtu amechelewa kwa makusudi. Lakini ofisa hawezi kuyapima asiyoambiwa. Kwa hiyo mwananchi aliyemwona mtu huyo siku ya kwanza, akakumbuka alifika lini na katika hali gani, ni shahidi muhimu.

Nasisitiza kwamba sheria haimtaki mwananchi amfiche mtu. Kumficha ni kumnyima haki yake ya kuandikishwa, na kunaweza kumtia mwenyeji matatani. Njia iliyo salama kwa wote wawili ni kumfikisha kwa Mtendaji. Na kama mgeni hawezi kutembea, Mtendaji aitwe amfuate alipo. Ofisi ya umma inaweza kutembea kwenda kwa mtu.

Mahojiano ya hifadhi

Kwa miaka ya nyuma Warundi walitambuliwa kwa kundi. Aliyethibitika kuwa ametoka Burundi alipokewa bila kuulizwa habari zake moja moja. Mwezi Januari 2017 Serikali iliuondoa utaratibu huo. Tangu hapo kila mwombaji hutazamwa peke yake, na uamuzi hupitia Kamati ya Taifa iliyowekwa na Sheria ya Wakimbizi. Hapo ndipo ulemavu unapokuwa na uzito mkubwa kisheria.

Katika mahojiano ya mtu mmoja mmoja, ofisa hupima kama maelezo yanaaminika. Huuliza tarehe, majina ya mahali, na mfuatano wa mambo. Mtu mwenye ulemavu wa akili anaweza kutaja tukio la jana kabla ya lile la mwaka jana. Mwenye majeraha ya akili anaweza kusahau sehemu iliyomtisha zaidi. Kiziwi aliyezoea ishara za nyumbani kwao hataelewana na mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania, kwa kuwa ishara za kijiji kimoja si za taifa zima. Ofisa asiyejua hayo anaweza kuandika kwamba mwombaji anajipinga au anaficha ukweli, na kosa hilo dogo la karatasi likamrudisha mtu kwenye kifo.

Kitabu cha mwongozo cha Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, kilichotolewa mwaka 1979, kimeeleza njia ya kufuata kwa mwombaji mwenye matatizo ya akili. Ofisa apate ushauri wa daktari inapowezekana. Mzigo wa kuthibitisha upunguzwe kwa mwombaji. Habari zitafutwe pia kwa ndugu, marafiki na watu wengine wanaomfahamu, na katika hali inayojulikana ya nchi aliyotoka. Mwaka 2010 Kamati Tendaji ya shirika hilo ilipitisha tamko maalumu juu ya wakimbizi wenye ulemavu, ikizitaka nchi ziwatambue mapema na kuwawekea taratibu wanazoweza kuzitumia.

Sheria zetu wenyewe hazikosi mfano. Sheria ya Ushahidi inamruhusu shahidi asiyeweza kusema atoe ushahidi kwa maandishi au kwa ishara mbele ya mahakama, na ushahidi huo ukahesabiwa sawa na wa mdomo. Iwapo mahakama inayapokea hayo, ofisi ya mahojiano haina sababu ya kuyakataa.

Lipo pia jambo ambalo wengi hawalijui: ulemavu wenyewe waweza kuwa sababu ya kupewa hifadhi. Tunakumbuka jinsi ndugu zetu wenye ualbino walivyowindwa katika eneo hili la Maziwa Makuu, Tanzania na Burundi zikiwamo. Mtu anayewindwa kwa sababu ya hali aliyozaliwa nayo, na nchi yake ikashindwa kumlinda, anaweza kuhesabiwa kuwa anateswa kwa ajili ya kundi lake la jamii. Hilo ni moja ya makundi matano niliyoyataja mwanzo.

Kambini, na hofu ya wananchi

Mtu akishatambuliwa, haki zake haziishii kwenye kadi. Mgao wa chakula unaochukuliwa mbali, choo chenye mlango mwembamba, kisima kilicho bondeni, foleni ya kusimama juani: kila kimoja kati ya hivi kinaweza kumwacha mwenye ulemavu nje ya huduma ambayo kwenye daftari imeandikwa kuwa amepata. Kadi iwe na jina lake mwenyewe. Anayemchukulia mgao awe amemchagua yeye, na ipatikane njia ya kulalamika iwapo mgao haumfikii. Wanawake na wasichana wenye ulemavu wapewe uangalifu zaidi, kwa sababu mkosaji huwachagua akidhani hawatasadikiwa. Kesi zao ziende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kama kesi nyingine zozote.

Kwa utaratibu wa sheria, mkimbizi haruhusiwi kutoka nje ya eneo alilopangiwa bila kibali. Mwenye ulemavu anayehitaji hospitali, mguu wa bandia au kiti mwendo huhitaji kibali hicho mara nyingi kuliko wengine. Mkimuona barabarani na kibali chake, basi anafuata sheria.

Najua kuna swali lililo mioyoni mwa wengi, nami sitalikwepa. Wananchi wanauliza: watu wetu wenye ulemavu bado wana shida, je, hawa wageni hawatachukua fungu lao? Nitajibu kwa kutenganisha mambo. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni ya raia. Mkimbizi hana fungu humo, na hakuna anayependekeza alipate. Haki ninazozizungumzia leo ni nyingine: kusikilizwa, kuandikishwa, kutobaguliwa, kutopigwa, kutorudishwa penye hatari. Haki hizo hazipungui kwa kugawanywa. Na marekebisho mengi hunufaisha wote. Zahanati ikijengewa njia isiyo na ngazi kwa sababu ya mgeni mwenye kiti mwendo, bibi yetu anayetembelea mkongojo ataipita njia hiyo hiyo. Mtendaji akijifunza kumhoji kiziwi wa Burundi, kiziwi wa kitongoji chetu naye atasikilizwa.

Kurejea nyumbani

Wakimbizi wengi hatimaye hurejea kwao, na hilo ni jema linapokuwa la hiari. Mkataba wa Afrika wa mwaka 1969, katika ibara ya 5, unasema kurejea kuwe kwa hiari na kwamba mtu asirejeshwe kinyume cha utashi wake. Kwa mwenye ulemavu, hiari ina masharti yake. Awe ameelezwa kwa lugha na njia anayoielewa hali ilivyo kule anakokwenda. Aulizwe yeye mwenyewe, pembeni na ndugu zake inapobidi, kwa maana wapo ambao hutiwa saini na jamaa. Asafiri na vifaa vyake na mtu anayemsaidia. Saini iliyowekwa na kaka kwa niaba ya dada aliye na akili zake timamu, eti kwa kuwa hasemi, haionyeshi hiari ya dada huyo.

Tufanye nini katika kata

Ndugu wananchi, sheria zote hizi zitabaki kwenye makabati tusipozishusha kijijini. Napendekeza mambo sita yasiyohitaji fedha nyingi.

Kwanza, anapofika mgeni anayetafuta hifadhi, asitenganishwe na fimbo yake, kiti chake, miwani yake, dawa zake, wala mtu anayemsaidia. Vitu hivyo visizuiwe kama vielelezo au dhamana.

Pili, Mtendaji wa Kijiji anapomwandika mgeni aulize maswali mepesi yanayotumika kimataifa: je, anapata ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia, au kuelewana na watu? Maswali hayo sita huibua ulemavu usioonekana kwa macho, na hayamdhalilishi anayeulizwa. Majibu yaandikwe katika barua inayompeleka mbele.

Tatu, tuwatambue mapema wakalimani wetu. Katika kata wapo watu wanaojua lugha ya alama, na Kiha chetu kiko karibu sana na Kirundi. Hata hivyo, mkalimani aape kutunza siri. Habari za mwomba hifadhi hazisimuliwi kilabuni wala sokoni, kwa sababu mtesi wake anaweza kuwa na ndugu upande huu wa mpaka.

Nne, tumwelekee mtu mwenyewe. Tusimuulize msindikizaji, "Anaitwa nani huyu?" wakati mwenye jina ameketi mbele yetu. Tutumie maneno ya heshima. Kiziwi aitwe kiziwi, asiitwe bubu.

Tano, kamati za watu wenye ulemavu zilizowekwa na sheria ya mwaka 2010, kuanzia mkoa na halmashauri hadi kijiji, ziwe na jambo hili katika ajenda zao. Wajumbe wake wanajua vikwazo kwa kuviishi, na ushauri wao una thamani kuliko wangu.

Sita, tutoe taarifa. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii aliye na habari kwamba haki za mtoto zinavunjwa aitaarifu mamlaka ya serikali ya mtaa. Kwa mtu mzima nako, mlango wa Mtendaji, wa polisi na wa ofisi ya ustawi wa jamii uko wazi. Wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wanaweza kuwaelekeza wasio na uwezo wa kumlipa wakili.

Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni neno zuri, kwa kuwa linamfanya mgeni awe sehemu ya nyumba. Lakini mwenye nyumba mwenye busara hutazama kwanza mikono ya mgeni wake, ampe kazi aiwezayo. Mtu asiyeona anaweza kusuka mkeka, asiyetembea anaweza kushona nguo, kiziwi anaweza kufyatua matofali kumshinda anayesikia. Sheria haitaki zaidi ya hapo: tumtazame mtu alivyo, tuondoe kinachomzuia, kisha tumhesabu sawa na wengine.

Na waliosema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, hawakuuliza huyo mnyonge katoka ng'ambo ipi ya mto Malagarasi.

Niko tayari kupokea maswali hapa mkutanini, na baada ya leo ofisini, siku zote za kazi. Asiyeweza kufika atume ujumbe kupitia kwa Mwenyekiti wa Kitongoji, nami nitamfuata.